Nyuso za Mzee Visogo

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye sakafu ya mbao, na chini ya kichwa chake paliwekwa aproni iliyokunjwa vizuri kama mto.

Hilo ndilo lililomsimamisha Inspekta mlangoni. Damu alishaizoea. Kazi ilikuwa imemwonyesha wafu wa kila namna: waliotupwa, waliofichwa, waliofunikwa mabati. Lakini muuaji anayempa mtu mto? Tena macho ya marehemu yalikuwa yamefumbwa, na malapa yake yamepangwa kando ya miguu, moja karibu na jingine. Inspekta hakupenda mambo mapya asubuhi kabla hajanywa chai.

Wenzake kituoni walimwita Kobe. Walimwita hivyo mbele ya uso wake, naye hakununa.

Marehemu hakuhitaji kutambulishwa. Nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Visogo, maana kila picha yake ilionyesha watu kwa nyuma. Wanawake sokoni, wachimba mitaro, wanafunzi mistarini, hata bwana na bibi harusi, wote wamekupa kisogo. Wasomi walikuwa wameandika vitabu vizima juu ya visogo vile. Wengine walisema ni siasa, wananchi wameigeuzia serikali mgongo. Wengine walisema ni falsafa nzito, na ukiwauliza falsafa gani, wanakutazama kwa huruma. Mzee mwenyewe akiulizwa alikuwa anakohoa na kuomba maji.

Koplo, mwanamke aliyejaaliwa mdomo, aliona mambo kwa wepesi zaidi.

"Akupaye kisogo si mwenzio," alisema akivaa glavu. "Huyu baba hakupenda watu, basi."

Kisha akainua macho ukutani.

Chumba kizima kilikuwa nyuso. Hapakuwa na kisogo hata kimoja. Nyuso zilianzia karibu na dirisha na kuzunguka kuta zote, na zote zilikuwa za mtu mmoja: mtoto wa kike mwenye shavu la mviringo na doa jeusi chini ya jicho la kushoto. Kwenye picha ya kwanza alikuwa na pengo. Kwenye iliyofuata alikuwa amerefuka. Akavaa sare ya shule, akavunja ungo, akawa msichana, akawa mwanamke, akaanza kunenepa kiunoni. Katika kila picha alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, anakutazama kana kwamba umemwita.

Ngazini alikuwa ameketi msimamizi wa makumbusho, analia kwenye kitambaa. Yeye ndiye aliyeikuta maiti. Alikuwa amembembeleza Mzee mwaka mzima ili akubali kuonyesha mkusanyiko wake binafsi, picha alizokataa kuuza na kukataa hata kuzitaja. Mzee alikubali hatimaye, na asubuhi ile gari lilikuja kuzichukua. Msimamizi alitegemea kukuta michoro ya ujana, zawadi za wachoraji wenzake, visogo viwili vitatu. Hakuna mtu aliyejua kwamba Mzee anaweza kuchora uso.

Katikati ya chumba, juu ya egemeo la kuchoria, palikuwa na picha mpya. Mwanamke mwenye gauni la bluu, mikono imetulia mapajani. Uso haukuwapo. Mahali pake palikuwa na uchafu wa kahawia uliovurugwa huku na huku. Mtu alikuwa ameufuta kwa kitambaa chenye tapentaini, rangi ikiwa bado mbichi. Kitambaa chenyewe kilikuwa sakafuni. Koplo alikipiga picha, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo, akafunga.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga magoti karibu na meza ya jiwe ambayo Mzee aliitumia kusagia rangi. Kwenye pembe yake palikuwa na damu iliyokauka na nywele nyeupe.

"Hakupigwa," alisema. "Aliangukia hapa kwa kisogo. Alisukumwa, au aliteleza."

"Lini?"

"Jana jioni. Lakini hakufa papo hapo. Damu imevujia taratibu ndani ya fuvu. Nitathibitisha mezani, ila alikaa saa nzima, labda zaidi. Angewahishwa hospitali..." Daktari akainua mabega, akayashusha.

Kufikia mchana tayari walikuwa na mtu, na Mkuu wa Kituo alikuwa na furaha. Mtu huyo alikuwa fundi wa fremu, rafiki wa Mzee tangu ujana. Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara aliwasikia wakigombana Ijumaa asubuhi. Fundi alipaza sauti mtaa ukasikia: "Ukifungua chumba kile utaua mtu!" Ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa pili. Polisi walipofika kibandani kwake hakuuliza kuna nini. Alizima mashine ya kukatia mbao, akanyoosha mikono ifungwe. Kabla jua halijazama alikuwa amekiri.

Jumatatu asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji. Kosa hilo halina dhamana, na mwisho wake kila mtu anaujua. Fundi alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, mwembamba, kifua kinampigia filimbi kwa vumbi la mbao. Hata asipofika kitanzini, mahabusu ingemmaliza.

Inspekta alimhoji mwenyewe.

"Ulimpiga na nini?"

"Nyundo."

"Ya nani?"

"Yangu. Ya kazi."

"Iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Halafu?"

"Halafu nikakimbia."

"Kichwa chake ulikifanya nini?"

Fundi akainua macho kwa mara ya kwanza. "Kichwa?"

"Ulipokwisha kumpiga. Kichwa chake."

Mzee wa watu akatazama darini. "Nilikiacha kama kilivyo."

Inspekta akafunga jalada. "Mzee wangu, unamficha nani?"

"Mimi sina mke, sina mtoto," fundi alisema. "Nifungeni mimi, mwanangu. Mambo yaishe."

Inspekta alimpelekea Mkuu wa Kituo habari hizo: hapakuwa na nyundo, na mtu huyu hajui maiti ililazwaje. Mkuu alimtazama kama mtu anayetazama gari bovu limeziba njia. Alisema mshukiwa amekiri, sasa Kobe anataka nini tena, aimbe? Ila walikuwa wamefanya kazi pamoja siku nyingi. Akamwachia Jumapili. Jumatatu jalada linakwenda mahakamani, liwalo na liwe.

Jumapili Inspekta na Koplo walirudi nyumbani kwa marehemu. Binti yake aliwafungulia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, uso mrefu, sauti ya chini, wa wale watu ambao ukikaa nao sebuleni unasahau kama wapo. Majirani walisema amemtunza baba yake vizuri kuliko ambavyo mke angeweza. Mama alikufa binti akiwa bado shule, na tangu hapo wakabaki wawili.

Alishawaeleza polisi siku ya kwanza. Ijumaa alasiri alikwenda kwa fundi cherehani. Aliporudi alidhani baba yuko kazini juu, akalala mapema, maana baba mara nyingi alilala hukohuko. Chumba kile cha juu hakukijua. Alizoea studio ya kawaida tu, hapa chini. Kule kwingine hakuruhusiwa.

Kwenye ukuta wa sebule palikuwa na picha ya kamera iliyoanza kugeuka rangi. Mtoto wa kike ameshika mpira kwa mikono miwili, ana pengo, ana doa jeusi chini ya jicho la kushoto.

"Huyu nani?" Inspekta aliuliza.

"Dada yangu. Baba alimwita Chiriku, kwa kuongea. Alizama bwawani. Alikuwa na miaka saba, mimi minne."

Inspekta mwenyewe ni baba wa watoto watatu, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliziona tena zile picha za juu, zile kuta zote. Mzee alikataa kumzika mtoto. Alimkuza mwenyewe kwa rangi mwaka baada ya mwaka, akamshonea sare, akamfikisha utu uzima. Inspekta aligeuza uso Koplo asimwone, akajifanya anakohoa.

Binti alimmiminia chai. Alipomkabidhi kikombe, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hakikukunjika pamoja na vingine. Kilikuwa kimepinda kwenye pingili ya mwisho, kikaelekea nje.

"Pole. Uliumia?"

"Zamani. Kilibanwa na mlango wa gari nikiwa darasa la tatu."

Inspekta aliitazama picha ukutani, vile vidole vidogo vilivyoshika mpira, vyote vimenyooka. Akaweka kikombe chini bila kuonja, akaomba ruhusa ya kupanda juu.

Alizunguka chumba polepole. Koplo alimfuata akilalamika kwamba chai imepoa na mwenye nyumba ataona wamemdharau. Inspekta alikuwa haangalii nyuso tena. Alikuwa anaangalia mikono. Kwenye picha za mwanzo vidole vilinyooka. Kisha, mtoto alipofika umri wa kama miaka tisa hivi, kidole kidogo cha kushoto kikapinda. Kikabaki kimepinda kwenye picha zote zilizofuata, mpaka ile ya gauni la bluu.

"Maiti haikui, Koplo," alisema. "Hainenepi, na mlango hauibani kidole. Kuna mtu aliyekuwa anakalia kiti hiki."

Koplo alitazama mkono mmoja, akatazama wa pili, akashika mdomo.

Walirudi mahabusu. Safari hii Inspekta hakuuliza maswali. Alimwambia fundi alichokiona mikononi, na fundi akaanza kulia taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Alisimulia kwamba wakati ule Mzee alikuwa kijana, anachora nyuso za wakubwa, ndiyo kazi iliyomlisha. Siku hiyo alikuwa bwawani, anamchora mke wa tajiri mmoja aliyetaka maji nyuma yake. Chiriku alikuwa anamsumbua, baba tazama hiki, baba tazama kile. Akamwambia aende akacheze, asimguse, anamalizia macho ya yule mama. Alipoinua kichwa, mtoto hayuko. Kuanzia siku ile hakuweza tena kuchora jicho la mtu yeyote. Akijaribu mkono unatetemeka. Akaanza kuwageuza watu nyuma, na dunia ikamsifu.

"Uso mmoja tu ndio uliokubali kutoka mkononi mwake," fundi alisema. "Lakini hakuwa na mwili wa kuuwekea. Ndipo akawa anamkalisha huyu mdogo."

Alieleza jinsi Mzee alivyofanya kazi. Kila mwaka shule zikifungwa alimweka binti kitini, akachora gauni, mabega, mikono. Uso aliuacha mwisho. Alikuwa anamwambia binti inatosha, nenda kapumzike, uso nitaumalizia mwenyewe. Kisha anaipandisha picha juu, anafunga mlango, anaumalizia. Binti hakuonyeshwa. Aliambiwa picha ikionwa kabla ya wakati wake inaharibika, naye aliamini, maana ni baba. Fremu zote alizitengeneza fundi. Kwa hiyo fundi alijua.

"Alikuwa anapita kibandani kwangu, ananiuliza, 'Baba mdogo, nimetoka vizuri?' Namwambia umetoka vizuri, mwanangu. Ningemwambia nini? Juzi alinionyesha gauni la bluu. Kashonesha jingine kama hilohilo, jipya, la kuvaa siku ya maonyesho, watu wamfananishe na picha." Fundi akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Ndipo nikaenda kugombana na baba yake. Nikamwambia ukifungua chumba kile utaua mtu. Mwite kwanza, mweleze. Afande, nilimwogopea yule binti. Sikujua atakayekufa ni nani."

Jua lilikuwa bado liko juu waliporudi kwa binti mara ya pili. Walimkuta jikoni anasugua mikono kwa sabuni ya kufulia. Inspekta alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Kisha akamwomba aweke mikono mezani. Chini ya kucha palikuwa na mistari ya kahawia. Rangi ya mafuta haiogopi sabuni.

Binti aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Baba mdogo mmemfungia wapi?" aliuliza.

"Kituoni. Kesho anakwenda mahakamani."

"Kwa nini alisema ni yeye?"

"Unajua kwa nini."

Akavuta kiti, akakaa. Wenyewe husema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wake ulikuwa mdogo sana, ilibidi Koplo ainame ili amsikie.

Alisema Ijumaa alasiri baba alimwita mwenyewe. Alimshika mkono ngazini kama zamani. Mkono wa baba ulikuwa na joto. Binti alikuwa anatetemeka kwa furaha, maana kwa miaka yote ile alijua jambo moja ambalo dunia haikulijua: baba anawapa watu wote visogo, lakini uso mmoja ameuweka, na uso huo ni wake. Kwa ajili ya kiti kile alimkataa mwalimu mmoja aliyetaka kumwoa. Baba alikuwa amemwuliza, ukiolewa nani atakaa pale? Akaona kweli, nani? Akabaki.

"Baba akawasha taa," alisema. "Akanizungusha chumba kizima, mkono begani. Akaniambia, 'Mtazame dada yako alivyokua mkubwa.'"

Koplo aliacha kuandika.

"Nilitafuta. Nilidhani labda mimi niko upande mwingine, nyuma ya mlango. Gauni langu naliona. Mikono naiona. Nikamwuliza, baba, mimi niko wapi? Akazunguka macho ukutani, kama mtu aliyesahau miwani. Akasema, 'Wewe si uko hapa?'"

Hakusema kwa ubaya, binti alieleza. Aliona ni swali la ajabu. Alifurahi kabisa. Alidhani binti naye atafurahi kumwona dada yake.

Ndipo alipochukua kitambaa. Hakukusudia kumgusa baba. Alitaka uso mmoja tu utoke, ule uliokuwa mbichi, ili mahali pake pabaki wazi, labda baba aone kosa lake, aweke mwingine. Aliupangusa kuanzia jicho la kwanza mpaka kidevu. Baba alipiga yowe ambalo hajawahi kulisikia kwa mtu. Alimrukia, akamshika nywele, akamwambia unamwua, unamwua tena. Binti alimsukuma kwa mikono miwili. Mzee mwepesi, alikwenda kinyumenyume mpaka kwenye jiwe.

"Alikuwa hai?" Inspekta aliuliza.

"Alikuwa hai. Nikamkunjia aproni. Nikamshika mkono."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Mfukoni."

"Daktari anasema alikaa zaidi ya saa nzima. Mbona hukuita gari la wagonjwa?"

Nje muuza mkaa alikuwa anagombana na mteja juu ya ukubwa wa kopo. Inspekta, ambaye hakuwahi kumharakisha mtu, hakumharakisha na huyu.

"Alifumbua macho," binti alisema. "Akanitazama. Akaniita Chiriku. Akasema, 'Chiriku, umerudi?' Nikamwitikia, abee baba, nimerudi. Akacheka, afande. Akanishika shavu. Akaniambia nimekua, niko mzuri, anaomba nimsamehe, hatanifukuza tena. Tuliongea vizuri sana. Baba hajawahi kuongea na mimi namna ile. Simu ilikuwa mfukoni na nilijua namba. Lakini nilijua na jambo jingine. Wakimpeleka hospitali, akapona, kesho yake atafumbua macho na kuniita kwa jina langu."

Hapo ndipo alipolia, na hakulia kwa sauti. Koplo alinyanyuka, akaenda kusimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. Hakuna kanuni ya polisi inayoruhusu hilo. Inspekta alitazama dirishani.

Jioni ile fundi wa fremu aliachiwa. Alikataa kwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, akasema atangoja, na alipoulizwa anangoja nini hakujua.

Kwenye chumba cha ndani, Koplo alivuta karatasi mpya ili aandike maelezo ya onyo, akamwomba mshukiwa jina lake kamili. Binti alichelewa kulitaja, na alipolitaja alilitaja kwa sauti ya chini mno. Koplo aliomba radhi, hakusikia vizuri, alirudie tafadhali.

Akalirudia lote, la kwake na la baba yake. Koplo akaliandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, akamgeuzia karatasi alione.